Hodi, na Kitufe Kilichoandikwa Futa

Nilitoka Kigoma na begi moja, seti ya bisibisi ndogo za kufungulia simu, na cheti cha kidato cha nne nilichokuwa nimekikunja mara nne. Nilikuwa naenda Dar es Salaam. Nataka mlijue hilo mapema, wadogo zangu, kwa sababu kila anayenisikia nikiisifu Dodoma hudhani nilipanga kufika. Sikupanga. Treni ilituacha Tabora kwa kuwa mbele maji yalikuwa yamekula tuta la reli. Nikasema nitasubiri siku tatu, nikakaa miaka miwili nikitengeneza simu kwenye kibaraza cha duka la vitenge. Kutoka hapo nikapanda lori la magunia ya alizeti hadi Singida, nikakaa mwaka na kitu. Manyoni nililala na homa wiki mbili kwa watu nisiowajua, nao walinipa uji bila kuniuliza naenda wapi.

Nilishuka Dodoma asubuhi ya upepo ule wa Julai unaochoma masikio, vumbi limeingia mpaka mfukoni. Nikamuuliza mama wa chai pale kituoni, kutoka hapa hadi Dar ni saa ngapi. Akasema, "Kunywa chai kwanza." Nikanywa. Nikakaa miaka tisa.

Mmeniandikia mkiniuliza kazi ile niliifanyaje bila kusoma kompyuta, na ninyi mnaoianza mfanye nini. Nitawajibu kwa namna ninavyoweza, yaani kwa kuzungukazunguka.

Nilifungua meza ya simu karibu na soko. Siku moja akaja dada mmoja mrefu, simu yake kioo kimepasuka.

"Shikamoo kaka."

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hakuwepo mtu mwingine. "Marahaba. Kioo au chaji?"

Huyo ndiye Sechelela, Mgogo wa Mpwapwa, aliyekuwa amesoma kompyuta chuo kikuu lakini hajaacha kumwamkia hata aliyemzidi miaka mitatu. Nikiwa nabadilisha kioo nikamsimulia, kwa kumchekesha tu, jinsi nilivyojua kwamba harusi ya fundi seremala wa mtaani kwetu imeahirishwa kabla yeye mwenyewe hajatangaza. Kulikuwa na tovuti ya kukodi viti na maturubai. Nilikuwa nimekodi viti vya ubatizo wa mtoto wa jirani.

"Sasa harusi ya fundi uliionaje?"

"Pale juu, mwisho wa anwani, kuna namba. Niliibadilisha moja, nikaona viti vya watu wengine."

"Ukaibadilisha kwa nini?"

"Ilikuwa inabadilishika."

Jibu hilo ndilo lililoniajiri. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye kimoja cha vyumba vyake viwili vya ofisi, barabara ya kwenda Msalato, malori ya ujenzi yakipita na kutupaka vumbi hata tukifunga madirisha. Tulikuwa watatu: Sechelela, mimi, na Swalehe wa Chemba, kijana mpole anayeandika programu haraka kuliko anavyoongea.

Walikuwa wanatengeneza skana ya usalama wa tovuti. Kwa wasioijua, ni programu inayozunguka ndani ya tovuti yako kama mkaguzi. Inafuata kila kiungo na kufungua kila ukurasa. Kila kisanduku cha kuandikia inakijaza vitu vya ajabu ili ione kama tovuti itakohoa na kumwaga siri. Ikimaliza inakuandikia: hapa mlango uko wazi, hapa kitasa kimelegea. Haikwisha kutengenezwa siku nilipoingia, haikuwa imekwisha siku nilipotoka, na ninyi hamtaimaliza. Kila mwezi wajenzi wa tovuti wanavumbua namna mpya ya kukosea, na skana lazima ijifunze nayo.

Tuliiita Hodi. Wazo ni la Swalehe. Alisema mkaguzi asiyeruhusiwa na mwizi wanafanya kazi ileile, kinachowatenganisha ni hodi. Kwa hiyo programu ilikuwa haianzi mpaka mwenye tovuti aweke kwenye seva yake faili lenye jina karibu. Hodi alipofika (tulimtaja kama mtu, na mtanizoea) alilitafuta kwanza faili hilo. Asipoliona, alirudi. Swalehe alikuwa akisema, "Mtu hapigi hodi halafu akajiitikia mwenyewe." Shikeni hilo. Mkija kuombwa na rafiki mpime tovuti ya mshindani wake kidogo tu, mwambieni aweke faili la karibu kwenye tovuti hiyo kama anaweza.

Hodi wa mwanzo alikuwa mwoga kupita kiasi. Tulimpeleka kwenye tovuti ya kwaya moja, kurasa tano na picha za ziara, akarudi na hatari sitini na moja. Picha ya mpiga kinanda aliiita siri iliyofichuka. Nikaituma ripoti ile kama ilivyo, kwa kuwa ilikuwa ndefu na mimi niliona urefu ni kazi. Mwenyekiti wa kwaya akanipigia simu.

"Mwanangu, wamechukua na nyimbo?"

Haikuwepo hatari hata moja. Mashine inasema labda, mwenye tovuti anasikia umeibiwa. Tangu siku hiyo kila hatari aliyoileta Hodi niliifungua kwa mkono wangu kabla ya kumwambia mtu, na nikajifunza kuandika ripoti ambayo mama wa chai angeielewa. Ripoti isiyoeleweka humtisha mtu bure, na mlango anauacha wazi vilevile.

Sasa niwaambie lile ambalo Sechelela alinikataza kulisimulia mbele ya wateja.

Ili akague vizuri, wakati mwingine Hodi hupewa paswedi ya msimamizi na kuingia ndani kabisa, kwenye kurasa ambazo mgeni hazioni. Humo ndani kuna vitufe visivyochezewa. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia Hodi orodha ya maneno ambayo akiyaona kwenye kitufe apite kando. Maneno hayo niliyachukua kwenye miongozo ya Wazungu: delete, remove, cancel, logout, na ndugu zao. Tukamjaribu miezi kadhaa kwenye tovuti za mjini. Hakugusa kitu. Tovuti za mjini zote zilikuwa na vitufe vya Kiingereza, hata zile ambazo wenyewe wakikuta neno la Kiingereza wanaita mtu awasomee.

Halafu tukapata kazi ya umoja mmoja wa wakulima kule Mlali. Katibu wao alikuwa Mzee Ndahani, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Alikuwa amesimama kidete tovuti yao iandikwe Kiswahili kuanzia juu hadi chini, na aliyeijenga alimtii. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wanachama zaidi ya mia nne, kila mmoja na namba yake, shamba lake na mbegu aliyoomba, alizeti au mtama. Jumamosi ya wiki ile lori la mbegu lilikuwa linafika. Asiye kwenye orodha hapewi. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa milima, na ninyi mnaotoka kule kwetu Kigoma kwenye mvua nyingi hamjui mawingu yale yanamfanya nini mtu wa Mlali. Anayekosa mbegu wiki ile amekosa mwaka mzima.

Kabla ya kuanza nilimpigia simu mzee, kama utaratibu unavyotaka.

"Mwalimu, mna nakala?"

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Kabatini. Ufunguo ninao mimi."

Nikaandika kwenye fomu: nakala ya akiba ipo, imehifadhiwa penye kufuli. Niliipenda sana sentensi ile.

Jumatano saa nne asubuhi nikamwachia Hodi. Swalehe alikuwa anamimina chai. Mimi nilikuwa natazama mistari inavyopanda kwenye kioo. Amebonyeza: Futa. Imefanikiwa. Amebonyeza: Futa. Imefanikiwa. Nitawaambia ukweli, neno imefanikiwa lilinifurahisha. Niliona kazi inakwenda.

Swalehe akasimama nyuma yangu na kikombe. "Kaka Zuberi, huyu anafuta nini?"

Akachomoa waya wa mtandao kwa mkono mmoja, chai haikumwagika. Tukafungua ukurasa wa wanachama. Jumla ya wanachama: 0.

Nilimgeukia Sechelela nikiwa na maelezo tayari mdomoni. Aliniangalia, akaniangalia tena, akasukuma simu kuelekea kwangu. "Piga. Wewe. Kabla hujakaa sawa ukatafuta maneno."

Hapo mjifunze. Nilitaka kuanza na "kumejitokeza changamoto". Yeye akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu, shikamoo. Tumefuta orodha yenu."

"Wote?"

"Wote, mwalimu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Basi nimekufa huku nakunywa uji." Nikamsikia akiweka kikombe chini. "Jumamosi lori linakuja, kijana."

"Najua. Ila ile nakala ya kabatini tunaweza kuirudisha ndani ya saa moja."

"Saa moja?" akasema. "Mna mikono mingapi?"

Tulifika Mlali mchana huohuo, wote watatu. Mzee akafungua kabati, akatoa nakala. Ilikuwa kaunta buku iliyojaladiwa kwa karatasi ya kaki, na mistari yake imepigwa kwa rula na wino mwekundu. Nilikuwa nimeuliza nakala nikimaanisha diski. Yeye alikuwa amenijibu akimaanisha nakala, neno lilelile tangu alipokuwa anafundisha. Kati yetu wawili, aliyekuwa anajua Kiswahili ni yeye.

Sechelela akakaa na laptopu, mzee akasoma majina, kila jina akilitolea maelezo. "Huyu andika herufi mbili za m. Huyu babake alikuwa mtoro. Endelea." Walifanya kazi ile kama watu wanaopepeta nafaka. Lakini karibu na mwisho wa daftari majina yakaisha. Tovuti ilipoanza alikuwa ameacha kuandika kwa mkono. Watu thelathini na wanne wa mwisho waliandikishwa kwa simu tu. Hawakuwa kwenye karatasi yoyote duniani.

Swalehe ndiye aliyekumbuka meseji. Kila aliyeandikishwa alitumiwa ujumbe wenye namba yake na mbegu aliyoomba. Kama hawajaifuta, orodha bado ipo, imetawanyika tu kwenye simu za watu.

Mzee alikuwa anawajua karibu wote kwa sura na kwa nyumba. Tukachukua pikipiki mbili, tukaenda nyumba kwa nyumba, Alhamisi yote na Ijumaa. Kwenye nyumba ya kwanza nikapiga hodi huku mguu uko ndani. Mzee akanivuta shati.

"Hodi mara tatu. Kimya, unaondoka."

"Mwalimu, moshi unaonekana. Wapo."

"Moshi haujasema karibu."

Kuna nyumba tulizozirudia mara nne. Nilikuwa naiona Jumamosi inakuja kama gari lisilo na breki, na mzee anageuza pikipiki kwa sababu mtu hajaitika. Mnajua nilichokuwa nawaza? Kwamba tulikuwa tumeitengeneza mashine ipige hodi mlangoni tu. Ikishakaribishwa sebuleni, inafungua mpaka vyungu.

Nyumba ya mwisho ya Ijumaa ilikuwa ya Bibi Foibe. Hodi ya tatu ndiyo iliyojibiwa.

"Karibu. Wewe ndiye uliyetufuta?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Usinifutie kigoda tu."

Mzee Ndahani alicheka mpaka akakohoa. Nikamwomba bibi meseji yake. Akasema, "Nimeifuta. Mjukuu aliniambia simu imejaa."

Ningemlaumu kwa mdomo upi? Jua lilikuwa linashuka na bila namba yake hatukujua aliomba mbegu gani wala shamba lipi kati ya yale mawili. Bibi akanitazama jinsi nilivyokaa, nadhani akanionea huruma. Akainuka, akanipeleka kwenye kihenge chake cha nafaka. Ubavuni, kwa mkaa, kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma elimu ya watu wazima, palikuwa na namba yote, na chini yake: MTAMA, SHAMBA LA MTONI.

"Simu hujaa," akasema. "Kihenge changu hakijawahi kujaa hata mwaka mmoja. Nikaona hapo ndipo salama."

Huyo alikuwa wa thelathini na tatu. Wa thelathini na nne alikuwa amehamia Mtera kuvua. Alitusomea meseji yake kwenye simu huku akilalamika kwamba tunamkimbizia samaki.

Jumamosi lori likaja. Mzee Ndahani akasimama juu ya kiti na orodha mpya mkononi, akaita majina kama darasani, na kila aliyeitwa akajibu, "Nipo." Nilisimama nyuma kabisa. Sijawahi kulisikiliza neno lolote namna ile. Nipo. Nipo. Watu zaidi ya mia nne, mmoja baada ya mwingine, wananijibu mimi bila kujua. Bibi Foibe alipoitwa alisema, "Nipo, na kijana aliyenifuta ninamwona pale." Watu wote wakageuka.

Jumatatu tulikaa kumrekebisha Hodi. Sechelela aliweka sheria ambayo nawaachia bila kupunguza hata neno: tovuti hai haiguswi na paswedi ya msimamizi, ijengwe kwanza nakala ya majaribio, na nakala ya akiba mkaguzi aione kwa macho yake. Mimi nikaandika upya orodha yangu. Futa, ondoa, toa, batilisha, sitisha, tupa, toka, safisha. Nilidhani maneno manane yatatosha. Swalehe akasema nisisahau watu wa kwao, akatamka neno la Kisandawe la kufuta, lenye kidoko cha ulimi katikati kama kizibo kinachotoka. "Liandike hilo," akasema. Nikamwambia hakuna kitufe cha herufi hiyo kwenye kibodi. "Basi tovuti zetu ziko salama."

Orodha ile ilikua kwa miaka. Kila tovuti ilileta neno lake. Chama kimoja cha kuzikana kilikuwa na kitufe kimeandikwa Mpumzishe, cha kumwondoa mwanachama aliyefariki. Fikirini Hodi angewapumzisha watu wote walio hai wa kata ile. Wengine waliandika Achana naye. Hakuna mwongozo wa kigeni utakaowapa maneno haya. Mtayapata kwa kuwauliza waliojenga, na kwa kusoma kila kitufe kana kwamba jina lako liko chini yake.

Karibu mwaka mmoja baadaye Hodi alituletea taarifa: tovuti ya Mlali imeweka tena faili la karibu. Kwa kawaida faili lile halina kitu ndani. Mzee Ndahani alikuwa ameandika: Karibu tena, lakini mguu mmoja. Tukaijenga nakala ya majaribio, Hodi akaingia polepole, na akapata tundu la kweli. Ukibadilisha namba mwisho wa anwani, uliona simu na mashamba ya watu wengine, sawasawa na viti vyangu vya ubatizo. Likazibwa siku ileile. Mzee akapiga simu. "Safari hii mmetuacha tukiwa hai. Asanteni."

Mnauliza kwa nini niliondoka. Sikugombana na mtu. Nina miguu inayowasha, ndiyo maana nawaandikia kutoka Tukuyu, ambako mvua ni mwenyeji na mimi ndiye mgeni, na natamani vumbi lile kama mtu anavyotamani chumvi. Kazi ilikuwa imekua. Waliingia vijana wanaojua mengi kuliko mimi, na orodha yangu ilikuwa na watu wa kuitunza. Nilipowaambia, Sechelela alisema, "Kaka, wewe ulikuwa unaenda Dar. Miaka tisa hii ulikuwa unakunywa chai tu."

Siku ya kuondoka kulikuwa na pilau na hotuba ya Swalehe yenye maneno sita. Lakini kabla ya chakula ilikuwepo kanuni moja, niliyoiandika mimi mwenyewe baada ya kukuta kwenye tovuti ya mteja mlango wa mfanyakazi aliyeondoka zamani ungali wazi: anayeacha kazi, jina lake litoke kwenye mfumo siku hiyohiyo, kabla hajaagwa. Sechelela akafungua ukurasa wa watumiaji wa Hodi. Jina langu lilikuwa la pili. Akakaa, mkono juu ya kipanya, hasogei.

"Bonyeza, bosi," nikasema. "Pilau inapoa."

"Neno lile lilinishinda. Nimelibadilisha asubuhi."

Nikainama nikasoma. Pale palipokuwa pameandikwa Futa sasa pameandikwa Muage.

Nilitaka kusema kitu kizuri. Kilichonitoka ni, "Umeliongeza kwenye orodha?"

Akaniangalia. Kila Ijumaa Hodi alijikagua mwenyewe, bila nakala ya majaribio, maana sheria ile tuliifuata kwa wateja tu, akazunguka kurasa zetu zote na kubonyeza kila asichokatazwa. Ilikuwa Ijumaa. Neno muage halikuwepo kwenye orodha. Baada ya chakula angetuaga ofisi nzima.

"Sijaliongeza," akasema, akafunika uso kwa mikono, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Nikavuta kiti. Nikafungua orodha yangu mara ya mwisho, nikashuka chini kabisa, chini ya mpumzishe na achana naye, nikaandika muage. Nikahifadhi. Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa watumiaji, nikatafuta mstari wa pili, nikabonyeza mwenyewe. Katika miaka tisa hicho ndicho kitufe pekee cha namna ile nilichokibonyeza nikijua ninachofanya.

Mfumo ukanitoa nje, ukanionyesha ukurasa wa mlangoni, ule wenye kisanduku kimoja na maneno: Hodi ya nani? Nikaandika Zuberi na paswedi yangu.

Jina hili halipo.

"Inafanya kazi," nikasema.

"Inafanya," akasema Sechelela.

Tukaenda kula pilau, na saa tisa nikachukua begi.